Mtaalamu wa Udongo Aliye Mombasa: Mwongozo Kamili wa Kuwa Mshauri wa Mbali katika Miradi ya Kilimo ya Kimataifa

Katika kila mradi mkubwa wa kilimo kuna kazi ambayo haimlazimu mtu kukanyaga shamba: kupanga sampuli zichukuliwe wapi, kukagua majibu ya maabara, kuchora ramani, kukadiria kaboni, kuandika mapendekezo ya mbolea na chokaa, kupitia ripoti zilizoandikwa na wengine. Hiyo ndiyo kazi anayopewa mshauri elekezi anayekaa mbali. Anaweza kuwa Wageningen kule Uholanzi, anaweza kuwa Bamburi hapa Mombasa.

Mwongozo huu umeandikiwa mwenye shahada ya udongo, agronomia au fani ya karibu, aliyefanya kazi ya shamba na maabara kwa miaka mitatu minne hivi. Asiye na miaka hiyo aitafute kwanza. Si suala la cheti. Mshauri wa mbali anakula kwa data ambayo hakuikusanya mwenyewe, na aliyewahi kupima sampuli mia mbili kwa mkono wake huona haraka palipo na uongo katika faili la Excel.

Soko lilivyo

Kwa miaka mingi wataalamu wengi wa Kenya walitegemea miradi ya fedha za Marekani. Tarehe 1 Julai 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, iliacha rasmi kutekeleza misaada ya nje, na mikataba mingi ilikuwa imekatika miezi kadhaa kabla ya hapo. Wataalamu wazuri waliachwa mikono mitupu kwa sababu mapato yao yote yalitoka mfuko mmoja. Kanuni ya kuishi nayo: mfadhili mmoja asizidi nusu ya mapato yako ya mwaka.

Kazi bado ipo. Mkutano wa Afrika kuhusu mbolea na afya ya udongo uliofanyika Nairobi Mei 2024 ulipitisha mpango wa utekelezaji wa miaka kumi, na serikali zinazotaka kuufuata zinahitaji ramani, viwango vya mbolea na mifumo ya ufuatiliaji. Wanunuzi wakuu ni FAO na IFAD (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo), Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Umoja wa Ulaya, GIZ ya Ujerumani, vituo vya utafiti wa kilimo vya CGIAR, na kampuni binafsi zinazoshinda zabuni za hao wote kisha zikatafuta wataalamu wa kuzijaza. Kundi la mwisho ndilo linalosahaulika, na kwa anayeanza ndilo mlango mpana zaidi: kampuni inahitaji jina lako kwenye zabuni, si historia yako na Umoja wa Mataifa. Halafu kuna miradi ya kaboni, inayolipwa kwa kuhifadhi kaboni ardhini, ambayo ina pesa na ina ugomvi wake.

Chagua kitu kimoja cha kuuza

Wasifu unaosema "mtaalamu wa udongo, mazingira, tabianchi na maendeleo ya jamii" husomwa kama wa mtu asiye na fani. Anayekutafuta ana shimo moja la kuziba. Chagua bidhaa moja kuu na ya pili inayoshabihiana nayo. Zinazofanyika vizuri kwa mbali ni ramani za udongo za kidijitali, usanifu wa sampuli na udhibiti wa ubora wa maabara, upimaji wa kaboni ya udongo, na mapendekezo ya virutubisho. Upimaji wa udongo kwa miradi ya umwagiliaji haufanyiki kwa mbali peke yake. Lazima mtu aone shimo, na ukisaini ripoti bila mtu huyo kuwepo umejitia kitanzi.

Kukaa Pwani kuna faida ambayo wengi hawaitumii. Kati ya Vanga na Lamu kuna udongo wa matumbawe, kichanga kirefu cha Magarini, mfinyanzi mzito wa bonde la Tana, udongo wa chumvi, na matope ya mikoko. Gazi, Kwale, kuna Mikoko Pamoja, mradi wa jamii uliotangulia kuuza kaboni ya mikoko. Anayejua udongo wa kichanga, chumvi na mikoko ana kazi Msumbiji, Senegali, Bangladesh na Vietnam. Anayejua udongo mwekundu wa milimani tu anashindana na nusu ya wahitimu wa kilimo wa Kabete.

Tengeneza kazi ya mfano

Kabla ya kuomba chochote, tengeneza sampuli ya kazi ya kurasa nne hivi inayoweza kufunguliwa na mtu yeyote. Data ya bure inatosha. Chukua Kaunti ya Kwale, na swali moja: wapi kilimo cha mahindi kinazuiwa na uhaba wa kaboni katika sentimita 30 za juu?

Pakua tabaka za SoilGrids, ramani za udongo za dunia nzima, kutoka ISRIC, kituo cha kimataifa cha taarifa za udongo. Zina pikseli za mita 250 na kina sita: 0–5, 5–15, 15–30, 30–60, 60–100 na sentimita 100–200. Kupata thamani ya 0–30 usijumlishe tabaka tatu ukagawanya kwa tatu. Kila tabaka ina unene wake: zidisha ya kwanza kwa 5, ya pili kwa 10, ya tatu kwa 15, jumlisha, gawanya kwa 30.

Sasa vipimo, na hapa ndipo waombaji wengi huumbuka. SoilGrids huhifadhi namba nzima ili mafaili yawe mepesi. pH imezidishwa kwa kumi, kwa hiyo 62 ni 6.2. Kaboni imo katika desigramu kwa kilo: 124 ni gramu 12.4 kwa kilo, yaani asilimia 1.24. Mfinyanzi ni gramu kwa kilo: 235 ni asilimia 23.5. Uzito kwa ujazo ni sentigramu kwa sentimita ya ujazo: 142 ni 1.42. Ramani inayoonyesha kaboni ya asilimia 12.4 kwenye kichanga cha Msambweni humaliza mazungumzo kabla hayajaanza.

Linganisha na iSDAsoil, ramani ya udongo ya Afrika yenye pikseli za mita 30 na kina mbili, 0–20 na 20–50. Andika wazi kwamba pikseli ndogo haimaanishi ukweli zaidi. Ramani zote mbili ni makadirio ya kompyuta yaliyofunzwa kwa sampuli zilizotawanyika, na pale sampuli zilipokuwa chache ramani hukisia. SoilGrids hutoa pia mipaka ya chini na ya juu ya makadirio, asilimia 5 na 95. Weka ramani ya upana wa mipaka hiyo kando ya ramani ya wastani. Ukurasa huo mmoja wa mashaka humshawishi msomaji mzoefu kuliko ramani tatu za rangi. Malizia kwa kulinganisha na mashimo halisi ya udongo: hifadhidata ya WoSIS ya ISRIC, au ripoti za Kenya Soil Survey zilizo chini ya KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo. Pasipolingana, sema hazilingani.

Zana ni QGIS ya ramani na R ya takwimu. Zote ni bure. Google Earth Engine ni muhimu ukitaka picha za setilaiti, lakini mteja mwingi hataki msimbo wako wa programu, anataka faili analoweza kulifungua.

Kukagua data usiyoikusanya

Hii ndiyo roho ya kazi, na ndiyo inayomtofautisha mshauri anayeitwa tena na asiyeitwa. Ukipokea faili la sampuli mia nne kutoka nchi ambayo hujawahi kufika, usikimbilie takwimu. Fuata mpangilio huu.

Anza na mahali. Mwaga pointi kwenye ramani. Mombasa iko kwenye latitudo −4.05 na longitudo 39.67. Mtu akisahau alama ya kutoa, shamba la Likoni linahamia kusini mwa Ethiopia; akibadilisha latitudo na longitudo, linaangukia Uhispania, karibu na Toledo. Hayo ni rahisi kuyaona. Magumu ni yale ya mamia ya mita: ramani za zamani za Kenya zilitumia mfumo wa koordineti wa Arc 1960, simu hutumia WGS84, na ukizichanganya kila pointi husogea kiasi cha kuvuka kutoka shamba la mkulima mmoja hadi la jirani. Angalia pia koordineti zinazofanana kabisa kwa sampuli tofauti. Mara nyingi maana yake ni kwamba mkusanyaji alikaa chini ya mwembe mmoja akajaza fomu kumi.

Kisha njia ya maabara. Safu iliyoandikwa "C" tu haina maana. Walkley-Black, njia ya dikromati ya tangu 1934, haichomi kaboni yote. Kwa kawaida huchukuliwa kwamba hufikia takribani asilimia 77, ndiyo sababu matokeo huzidishwa kwa 1.3 hivi. Uliza kama maabara tayari imezidisha. Ukizidisha mara ya pili umeongeza theluthi ya kaboni isiyokuwepo. Mashine za kuchoma kwa joto kali huchoma yote, na hapo Pwani inaleta mtego wake: udongo wa matumbawe una kaboni ya chokaa, na mashine haijui tofauti ya chokaa na mboji. Sampuli ya Nyali au Watamu inaweza kusomeka kama yenye rutuba ya ajabu ilhali ni mawe ya bahari yaliyosagika. Agiza sampuli zidondoshewe tindikali ya hidrokloriki ya asilimia 10. Ikitoa povu, kaboni ya chokaa iondolewe kwa tindikali kabla ya kipimo, au ipimwe peke yake na kutolewa kwenye jumla.

Kwenye udongo wa chumvi na mikoko kosa linakuja kwa njia nyingine: kloridi hula dikromati ya Walkley-Black na kuonyesha kaboni zaidi ya iliyopo. Huko usikubali njia hiyo bila marekebisho.

Fosforasi nayo ina njia kadhaa za kupimwa. Olsen ilitengenezwa kwa udongo wenye chokaa, Bray kwa udongo wa asidi, Mehlich 3 hutumika kwingi. Namba zake hazibadilishani. Kiwango cha "fosforasi ya kutosha" kilichowekwa kwa Olsen ukikitumia kwenye majibu ya Mehlich 3 utamwambia mkulima wa Kilifi ana fosforasi tele wakati mmea wake una njaa.

Mwisho wa ukaguzi, jumlisha mchanga, mfinyanzi na mchangatope wa kila sampuli. Ni lazima ikaribie 100. Ikiwa kila mstari ni 100 kamili, moja kati ya tatu haikupimwa bali ilitolewa kwa hesabu. Si dhambi, ila ujue. Ikiwa pH ya sampuli mia mbili zote iko kati ya 5.9 na 6.1, pigia maabara simu.

Hesabu ya kaboni

Fomula ni fupi. Asilimia ya kaboni, mara uzito kwa ujazo, mara kina kwa sentimita, mara sehemu isiyo mawe, inakupa tani kwa hekta. Udongo wenye kaboni 1.2, uzito kwa ujazo 1.4, kina 30, ni tani 50.4. Ukiwa na mawe asilimia 10 ya ujazo, zidisha kwa 0.9, zinabaki 45.4. Kugeuza kuwa kaboni dioksidi zidisha kwa 44 gawanya kwa 12.

Ugomvi hauko kwenye fomula. Uko kwenye uzito kwa ujazo, ambao miradi mingi huuazima kutoka ramani ili kuokoa pesa. Shamba lililolimwa hulegea, lisilolimwa hushikana; ukipima sentimita 30 zilezile kabla na baada, hupimi udongo uleule. Ndiyo sababu njia za sasa hulinganisha uzito sawa wa udongo badala ya kina sawa. VM0042, mwongozo wa kuhesabu kaboni wa shirika la Verra linalosajili miradi hiyo, unaotumiwa na miradi mingi ya mashamba, usome wote kabla ya kusema unaujua. Wakaguzi wanaujua ukurasa kwa ukurasa.

Halafu idadi ya sampuli. Kwa makundi mawili huru, kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 5 na uwezo wa asilimia 80 wa kugundua tofauti, sampuli za kila kundi ni karibu 16 mara mraba wa mchepuko sanifu gawanya kwa mraba wa tofauti unayotaka kuiona. Mchepuko ukiwa 0.4 na ukitaka kuona ongezeko la 0.1, ni 256. Mteja aliyetenga bajeti ya sampuli 30 anahitaji kusikia hili mwezi wa kwanza. Njia za kupunguza zipo: kugawa eneo kwa matabaka, kurudi pointi zilezile. Lakini usitegemee zirudishe 256 kuwa 30.

Kusimamia shamba ukiwa mbali

Anayechimba ni kijana wa eneo lile, na maelekezo yako ndiyo macho yako. Yaandike kwa lugha yake na kwa ukurasa mmoja. Kwa rutuba ya kawaida: vichimbo 15 hadi 20 kwa mwendo wa nyoka katika shamba, kina 0–20, vyote ndani ya ndoo ya plastiki (ndoo ya mabati huharibu kipimo cha zinki), vichanganywe, na gramu 500 zitiwe mfukoni. Wakwepe penye zizi la zamani, kichuguu, njia, chini ya miti na palipochomwa mabaki. Lebo mbili, moja ndani moja nje, kwa penseli. Wino wa kalamu hufutika mfuko ukitokwa jasho. Udongo ukaushwe kivulini na kuchekechwa kwa chekecheo la milimita 2.

Kwa uzito kwa ujazo tumia pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana, mara nyingi sentimita 100 za ujazo, kisha oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24. Kichanga kikavu humwagika kabla pete haijainuliwa. Maji yamwagwe mahali hapo jioni ya kuamkia kazi, udongo ushikane. Kwenye mikoko tatizo ni kinyume: bomba likisukumwa matope hushindiliwa, kwa hiyo pima kina ndani na nje ya bomba, andika tofauti. Sampuli hizo zisikae kwenye joto zikisubiri gari, kwani salfaidi zikipata hewa huzaa tindikali na pH utakayopimiwa si ya udongo uliotoka ardhini.

Mradi ukitaka mfumo uliokwishajaribiwa wa kufuatilia uharibifu wa ardhi, LDSF wa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo-misitu, una eneo la kilomita 10 kwa 10, makundi 16, viwanja 10 kila kundi, jumla 160. Ni mzuri. Ni ghali pia kwa mradi wa wilaya moja.

Fomu za simu zijengwe kwa programu ya KoboToolbox au ODK, zifanye kazi bila mtandao, zikatae koordineti yenye kosa la zaidi ya mita 10, na zidai picha mbili: shimo, na mfuko wenye lebo. Kila sampuli ya ishirini irudiwe kwa jina lingine bila maabara kujua. Nakala mbili za udongo mmoja zikipishana kwa zaidi ya asilimia 20 ya kaboni, simamisha malipo ya kundi hilo hadi upate maelezo. Gharama ya marudio hayo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, la sivyo ndiyo ya kwanza kukatwa.

Sheria usizisahau. Utafiti unaofanyika Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Udongo hauvuki mpaka bila kibali cha mamlaka ya afya ya mimea ya nchi unakoingia. Hapa kwetu ni KEPHIS. Jina la mkulima pamoja na koordineti za shamba lake ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo faili la majina na faili la majibu yakae mbalimbali, yaunganishwe kwa namba tu.

Kujisajili na kuomba

Jisajili UNGM, soko la zabuni la Umoja wa Mataifa; ngazi ya msingi ni bure. Weka wasifu kwenye mfumo wa ajira wa FAO na ule wa washauri wa Benki ya Dunia, na DACON, hifadhidata ya washauri ya Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki ya Dunia huajiri washauri wa muda mfupi kwa kikomo cha siku 150 katika mwaka wake wa fedha, unaoanza Julai. Siku zikibaki nyingi Aprili au Mei, wakubwa wa miradi huwa wanatafuta mtu wa haraka. Fanya mapema mafunzo ya usalama ya BSAFE, kwa kuwa mashirika ya Umoja wa Mataifa huyadai na cheti hakikugharimu kitu. Matangazo tazama ReliefWeb, Devex, na kurasa za ajira za vituo vya CGIAR. Yeyote anayekutoza ada ya maombi au ya usaili ni tapeli, hata barua yake iwe na nembo ya buluu.

Kujisajili peke yake hakuleti kazi. Kinacholeta ni barua fupi kwa kiongozi wa timu ya udongo katika kampuni ya ushauri au kituo cha utafiti, sentensi tano na kazi yako ya mfano imeambatishwa. Taja bidhaa moja. Taja siku ulizo huru. Usianze na sifa za shirika lake; anazijua.

Wasifu wa zabuni si ule wa kuombea ajira. Kila kazi iwe na nchi, mteja, miezi, idadi ya sampuli au hekta, na jambo ulilokabidhi. "Nilishiriki katika utafiti wa udongo" haina pointi. "Nilikagua majibu ya sampuli 320 na kuandaa mapendekezo ya chokaa" ina pointi, kwa sababu mtathmini ana jedwali la alama mbele yake na anatafuta neno la kuwekea tiki.

Hadidu za rejea, siku na bei

Soma hadidu za rejea ukiwa na kalamu. Zungushia kila kitu kinachokabidhiwa, kisha kadiria siku zake kabla hujatazama siku alizotenga mteja. Kwa kazi ya siku 20 ya kupitia data na kuandika mapendekezo, mgawo wa kweli ni kama huu: nyaraka siku 3, kukagua data 5, uchambuzi 5, rasimu 3, mikutano 1, kujibu maoni 3. Wateja hupenda kuweka siku moja ya maoni. Maoni huja kutoka kwa watu sita wanaopingana. Omba katika mkataba kwamba maoni yaunganishwe na mteja, yaje mara mbili tu, na kimya cha siku 15 za kazi kihesabiwe kuwa ni kukubali.

Bei ihesabu kutoka upande wako. Toa wikendi, sikukuu na likizo, mwaka unabaki na siku 230 hivi. Nusu yake huishia kwenye kuandika zabuni, kujifunza na kudai malipo. Chukulia 110 ndizo zinazolipwa. Ukitaka milioni 3 kwa mwaka kabla ya kodi, na gharama za kazi (bima, mtandao, kompyuta, mhasibu) ni laki 6, gawanya milioni 3.6 kwa 110: shilingi 32,700 kwa siku, karibu dola 254 kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola. Anayejilinganisha na mshahara wa mwezi uliogawanywa kwa 22 hujipunja zaidi ya nusu, na akishaingiza bei hiyo kwenye mfumo wa shirika itamfuata, maana wengi huuliza kiwango ulicholipwa mwisho.

Malipo yafungwe kwenye vitu vinavyoonekana: asilimia 20 kwa mpango wa kazi, 40 kwa rasimu, 40 kwa ripoti iliyokubaliwa. Ripoti isisubiri data ya mtu mwingine bila kinga. Andika kwamba data ikichelewa, tarehe zako zinasogea kwa siku zilezile, na siku za ziada zinalipwa. Uliza pia nani mwenye data na kama utaruhusiwa kuonyesha ramani hiyo kwa mteja wa baadaye. Jibu likiwa hapana, jua kazi hiyo haitakusaidia kujitangaza.

Stima, saa na joto

Nyaya za chini ya bahari, SEACOM, TEAMS na EASSy, zinaingia nchini hapahapa Mombasa, lakini hilo halikusaidii stima ikipotea Kisauni. Weka betri yenye inveta ya kubeba kompyuta na ruta kwa saa nne, laini ya pili ya mtandao wa kampuni tofauti, na nakala ya data kwenye diski nje ya kompyuta. Mei 2024 nyaya mbili ziliharibika kwa pamoja kusini mwa Afrika na mtandao ukazorota siku kadhaa. Aliyekuwa na data yake mezani aliendelea. Hewa ya chumvi hula matundu ya kuchomekea ya kompyuta na kipima pH cha mkononi. Vihifadhi kwenye chombo chenye chembe za silika za kunyonya unyevu, na usinunue vya bei ya juu ukaviacha baraza.

Saa tatu asubuhi ya Washington ni saa kumi jioni kwetu wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na saa kumi na moja wakirudi saa za baridi. Roma iko nyuma yetu saa moja au mbili. Manila iko mbele saa tano. Kwenye barua pepe andika 16:00 UTC+3. Ukiandika saa nne bila maelezo, mwenzako wa Nairobi ataelewa moja na wa Roma ataelewa nyingine.

Ankara na kodi

Mali bila daftari huisha bila habari, na mshauri ana daftari tatu: siku alizofanya kazi, ankara alizotuma, kodi aliyokatwa. Ankara iwe na namba ya mkataba, namba ya agizo la mteja, siku au hatua inayolipwa, na maelezo kamili ya benki pamoja na nambari ya SWIFT. Herufi moja ya jina isipolingana na akaunti, fedha hurudi zilikotoka na ada ya benki unalipa wewe. Akaunti ya dola itakuokoa kubadilisha fedha siku mbaya.

Kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, mapato ya ushauri ni mapato ya biashara hata mteja akiwa Geneva. Mteja wa Kenya atakukata asilimia 5 ya ada kama zuio. Hakikisha cheti chake kinaonekana kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa KRA, la sivyo utalipa tena. Ankara za ndani zipitie eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA. Kodi ya awamu hulipwa tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ifike kabla ya 30 Juni. Kwa faida ya milioni 3 kodi ya mwaka ni laki 8 hivi, kwa hiyo kila malipo yakiingia tenga theluthi yake kwenye akaunti usiyo na kadi yake. Mteja wa Marekani atakutaka ujaze W-8BEN, fomu ya kodi ya asiye raia wala mkazi wa huko. Kazi uliyoifanya ukiwa Kenya haihesabiwi kuwa pato la Marekani, na fomu hiyo ndiyo inayomzuia asikukate. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, ila na Uingereza, Ujerumani na India upo, na mhasibu wako aulizwe kabla ya kusaini, si baada ya kukatwa.

Malipo yakichelewa zaidi ya siku 30, usimwandikie meneja wa mradi peke yake. Muulize jina la ofisi ya fedha, tuma ankara upya ikiwa na barua ya kukubaliwa kwa ripoti, na uombe namba ya rejea ya malipo. Mara nyingi ripoti imekubaliwa kwa mdomo na hakuna aliyebonyeza kitufe.